Idodomya: ni tembo aliyezama, au ni mikia ya ng'ombe wa wizi?

#1 Mwalimu wa Zamu

Wakuu, habari za Jumapili. Nalileta hili kwenu kwa sababu limenishinda darasani.

Ijumaa nilikuwa kidato cha kwanza, mada ya vyanzo vya historia, kipengele cha masimulizi ya mdomo. Nikasema nitumie mfano wa karibu, jina la mji wetu. Nikawapa ile inayojulikana: tembo alishuka kunywa maji kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope, watu walioona wakapiga kelele "Idodomya!", yaani imezama, na mahali pakabaki na jina hilo mpaka Dodoma ya leo. Sijamaliza, binti wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, babu anasema hapakuwa na tembo. Walikuwa ng'ombe wa Wahehe, wakaliwa." Darasa likalipuka. Mwingine akataka kujua mifupa ya huyo tembo iko wapi. Nikasema tutaendelea Jumatatu, nikafuta ubao.

Jumatatu yenyewe ni kesho.

Msimamo wangu, na mnipinge: hadithi ya tembo imepigwa pasi. Imenyooka mno. Ni hadithi ya kumwambia mgeni aliyeshuka kwenye treni leo na anaondoka kesho. Hiyo ya ng'ombe ina aibu ndani yake, na watu hawajitungii aibu bure. Nani ana la kuongeza?

#2 Kijiwe Nongwa

Yaani mwalimu umekimbizwa na mtoto wa dawati la nyuma 😂 Navuta kigoda, karanga ninazo.

#3 Mtoto wa Nkuhungu

Mleta uzi unatafuta ugomvi usiokuwepo. Tembo ndiye jibu, kila mtu aliyesoma shule ya msingi hapa mjini analijua. Wajerumani walipofika na reli yao 1907 waliwauliza wenyeji hapa panaitwaje, wakajibiwa Idodomya, wakaandika Dodoma. Kwisha.

#4 Reli ya Kati

#3 kijana, reli usiiguse kama huijui. Nimeitumikia miaka 31. Ujenzi ulianza Dar es Salaam 1905. Mwaka 1907 treni ilikuwa ndiyo inafika Morogoro. Dodoma reli imeingia 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Huo 1907 unatajwa sana kuwa mwaka wa kuanzishwa mji, sawa, lakini hapakuwa na treni ya kumshusha mtu yeyote hapa mwaka huo.

Mengine endeleeni, mie nasoma.

#5 Mhehe wa Kalenga

Nimeitwa? Maana nasikia harufu ya ng'ombe wetu.

Haya, kwa wasioijua, simulizi yenyewe hii. Wagogo walikuja kwetu usiku wakaswaga kundi zima. Wakafika nalo huku, wakachinja, wakala, wakalamba na mifupa. Mikia tu ndiyo waliyoibakiza. Babu zetu wakafuata nyayo mpaka kwenye tope. Wanakuta nini? Mikia imesimama wima kwenye matope kama mimea, na Mgogo mmoja kajishika kichwa anasikitika: "Poleni sana jamani, ng'ombe wenu wamezama, Idodomya!" Babu zetu wakavuta mkia, ukatoka peke yake. Wakavuta mwingine, hali ileile.

Kwa hiyo makao makuu ya nchi yana jina la uongo wa mwizi. Mkitaka kulipa, bado tunapokea.

#6 Mtoto wa Nkuhungu

Mtani hao ng'ombe wangelipwa na nani wakati ninyi wenyewe mlikuwa mmewatoa kwetu? Kadai kwa majirani zenu Wasangu.

#7 Daktari Karatasi

#6 umetania lakini umegusa penyewe.

Mwelekeo wa wizi katika hadithi hii una kasoro. Nusu ya pili ya karne ya 19 dola ya Wahehe ndiyo iliyokuwa ikipanuka, kwanza chini ya Munyigumba aliyefariki 1879, kisha mwanawe Mkwawa. Wao ndio waliokuwa wakivamia majirani, na Ugogo ya kusini ilikuwa njiani. Kundi lililowaangusha askari wa Mjerumani von Zelewski pale Lugalo 1891 si kundi ambalo unaliibia ng'ombe halafu unalisubiri nyumbani na mikia mkononi.

Haina maana kwamba hadithi ni bure. Angalia ilivyojengwa: mnyonge anamshinda mwenye nguvu kwa maneno. Ni sungura na fisi ileile, ila wamevaa mgolole. Kwa hiyo mwalimu, hoja yako kwamba watu hawajitungii aibu inanipa shida. Hii si aibu kwa Mgogo. Anayeonekana mjinga humo ndani ni anayevuta mkia.

Na tusisahau umbali. Mpaka wa asili na Uhehe ni Ruaha Mkuu, kule bwawa la Mtera lilipo sasa, zaidi ya kilomita 100 kutoka kijito cha Kikuyu. Kuswaga kundi la wizi mbali kiasi hicho ndipo ukalichinje, tope la karibu lilikosekana?

#8 Mhehe wa Kalenga

Daktari umesoma sana lakini ng'ombe hajarudi.

#9 Sarufi Mtupu

Naomba nilete kipande cha lugha, halafu nitakaa kimya.

Neno lenyewe linaonekana kuwa ndugu wa *didimia* ya Kiswahili, kuzama taratibu kwenye kitu laini. Hilo halina shida. Shida ipo kwenye i- ya mwanzo. Kama ni kiambishi cha mtenda, basi aliyezama ni mmoja. Ng'ombe kundi zima wangetaka wingi, na kwa Kigogo ninachokisikia mitaani wingi wa ng'ombe huchukua zi-. Yule mwizi wa #5 angelia kwa zi-, mji ungeitwa Zidodomya. Kwa hiyo sarufi inampigia kura tembo.

#10 Kijiwe Nongwa

Zidodomya Jiji. Kocha wa timu yetu alisikia hili angelia.

#11 Bi Mkubwa wa Hazina

Mbukwenyi wanangu.

Sarufi, hesabu yako nzuri lakini umeanzia katikati. Zunguka hapa mjini uangalie majina: Ihumwa, Ipagala, Iyumbu, Ilazo, Itega. Nenda mbele kidogo, Ibihwa, Ilindi. Yote yana hiyo I mbele. Nani alizama Ihumwa? Nani alizama Ipagala? Hiyo I ni ya mahali, wanangu, kama Chi ya Chamwino, Chinangali, Chihanga na Chilonwa. Sisi tuna namna zetu za kuita ardhi. Inawezekana Idodomya halikuwa kelele ya mtu yeyote. Lilikuwa jina la mahali penye kudidimia, watoto wasipite na mbuzi. Hadithi zikaja baadaye kulitafutia jina sababu.

Mama yangu alizaliwa Mvumi, sikuwahi kumsikia akisema habari ya tembo. Alisema tu "Idodomya" akimaanisha mjini, kwenda kuuza kuku.

#12 Sarufi Mtupu

Bi Mkubwa shikamoo. Umenipiga chini kihalali. Nilikuwa nasoma neno kama sentensi, wewe unalisoma kama nomino. Zote mbili zinawezekana na hakuna anayeweza kunithibitishia ipi ilitangulia. Najirudi hatua moja: sarufi haimpigii kura tembo, imejizuia kupiga kura.

#13 Daktari Karatasi

#11 ni bandiko bora la uzi huu mpaka sasa. Mwalimu, hilo ndilo la kwenda nalo darasani. Jina huwa linatangulia, hadithi inafuata ikihema.

Na kwa anayetaka maandishi, aanze na Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa hukohuko kwenye I. Huyu wengi tunamjua kwa ngonjera, lakini mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia na mila za Wagogo, kwa Kiswahili, wakati wengi walioandika juu ya Ugogo walikuwa wamisionari na maofisa wa kikoloni.

#14 Dom Mpya

Samahani wenyeji, mimi nimehamia na wizara, mwaka wa tatu huu. Hicho kijito cha Kikuyu kina uhusiano na Wakikuyu wa Kenya? Nimekuwa naogopa kuuliza ofisini.

#15 Mtoto wa Nkuhungu

Hahaha hapana mkuu. Ni mikuyu, miti. Ilikuwa mingi kandokando ya maji. Uliogopa nini sasa?

#16 Dom Mpya

Niliogopa hili hasa unalolifanya.

#17 Kijiwe Nongwa

Huyu bado ana Dar mwilini. Tutamzoesha mlenda taratibu.

#18 Reli ya Kati

Sasa naingia. Bi Mkubwa kasema vizuri, lakini kuna jambo halijaulizwa. Kama jina ni Idodomya, I ya mwanzo na y ya mwishoni zimekwenda wapi? Mimi nasema karani wa stesheni. Mzungu anauliza, mkalimani wa pwani anajibu, karani anaandika alichosikia, fundi anachora kibao. Kibao kikishasimama, ndiyo jina. Tiketi inaandikwa hivyo, ramani inaandikwa hivyo, na mtu akisema la kwao anaambiwa hajui.

Mfano upo jirani hapo. Mpwapwa wenyeji walikuwa wanaiita Mhamvwa. Wageni wakashindwa kulitamka, likatoka Mpwapwa, na hilo ni kabla ya reli, enzi za misafara na wamisionari wa kwanza. Ugogo wote umeandikwa na masikio ya wageni.

#19 Sarufi Mtupu

Mzee wa reli naikubali kwa asilimia kubwa, ila nina swali moja. Ihumwa ina stesheni. Igandu ina stesheni. Zote kwenye reli hiyohiyo, karibu karani yuleyule. Mbona wao I haikudondoka?

#20 Reli ya Kati

…

Umenikamata. Ngoja nikatafute chai.

#21 Mnyamwezi Halisi

Nimepita kuwakumbusha kwamba hata "Wagogo" si jina lenu. Ni sisi wapagazi tuliokuwa tunapita na pembe za ndovu kwenda pwani, tukawakuta wazee wenu wamekaa kwenye magogo wanasubiri hongo, ule ushuru wa kupita. Tukawaita watu wa magogo. Karibuni.

#22 Daktari Karatasi

#21 hiyo nayo ni ya jamii ya tembo. Nzuri, fupi, inakaa kwenye kofia. Huenda kweli, lakini mfumo wake ni uleule: mgeni anapita, anaona kitu kimoja, anaita kabila zima.

Sehemu ya hongo ndiyo ngumu kuipinga. Misafara ikitoka Mpwapwa ilivuka kwanza nyika ya Marenga Mkali, jina lenyewe linakwambia habari za maji yake, kisha inaingia Ugogo imekauka koo. Hapo mwenye kisima ndiye mwenye neno. Burton na Speke walipita 1857, Stanley akapita 1871, wote wamelalamika kurasa kwa kurasa juu ya vitambaa na shanga walizotozwa na watemi wa Ugogo. Ukisoma malalamiko yao kwa jicho la mwenye kisima, unasoma nchi yenye utaratibu wa ushuru.

Ndiyo maana nacheka mtu akisema Wagogo ni ombaomba. Kwa miongo walikuwa wanaombwa.

#23 Bi Mkubwa wa Hazina

Hapo kwenye ombaomba naomba niseme, maana nimelisikia tangu niko darasa la pili.

Kwetu mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na kuna mwaka inakuja kusalimia tu. Ukikosa, unakwenda kuhemea. Unachukua mbuzi wako, unakwenda kwa shemeji au kwa rafiki wa baba aliyevuna, unarudi na mtama. Mwaka ukigeuka, yeye anakuja kwako. Hiyo ni akiba iliyowekwa kwa watu badala ya ghala. Aliyeona watu wamebeba vikapu barabarani bila kujua wanakwenda kwa nani, akaita kuomba.

Na njaa zetu tunazipa majina. Ile iliyofuata vita vya Wajerumani na Waingereza, 1917 mpaka 1920, inaitwa Mtunya. Majeshi yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, halafu mvua ikakataa. Bibi yangu aliishuhudia akiwa binti. Alikuwa hamalizi kuisimulia. Anafika mahali anasema "kaleteni kuni" na stori imeishia hapo.

#24 Mtoto wa Nkuhungu

Bi Mkubwa hii imenikalisha.

#25 Jua la Saa Sita

Mnabishana juu ya jina la 1910 wakati nusu ya mji leo inaitwa Area A, Area C, Area D. Mamlaka ilikuja kupima viwanja, bibi yangu alikuwa na shamba lenye jina lake na mbuyu wenye jina lake. Leo ni herufi na namba kwenye hati. Huyo karani wa stesheni hajastaafu bado.

#26 Kijiwe Nongwa

Area D: mahali alipozama Dingi. Nimelitatua.

#27 Dom Mpya

Mie nadhani jina limetimia lenyewe. Uamuzi wa kuhamia hapa ulipita 1974, ukazama miaka arobaini, ukaibuka na Magufuli. Idodomya!

#28 Daktari Karatasi

1973 mkuu, si 1974. Na haukuzama wote. Bunge linakaa hapa tangu 1996. Magufuli alitangaza kuhama kwa serikali Julai 2016, Waziri Mkuu akatangulia Septemba mwaka huohuo, hadhi ya jiji ikaja 26 Aprili 2018, na sheria ya kuitangaza makao makuu ikapitishwa mwaka huo. Tuseme lilikuwa tembo lililonasa miguu ya nyuma tu.

#29 Mhehe wa Kalenga

Tembo mwingine tena. Watu hamtaki kusikia habari za ng'ombe wangu.

#30 Mchunga wa Bahi

Nimesoma uzi wote jana usiku nikiwa kwenye bajaji nasubiri abiria. Sikusoma historia, lakini ng'ombe kuzama nimeshika kwa mikono yangu, kwa hiyo niseme.

Nyie mnafikiria kuzama ni maji mengi. Huku kwetu mnyama hazami masika. Anazama kiangazi, Oktoba, Novemba. Bwawa linakauka kutoka kingoni, katikati panabaki kidimbwi cha maji kama karai, na kati ya ukingo na maji kuna tope jeusi la mbuga. Juu limepiga ngozi, unaona kama pakavu. Ng'ombe amedhoofu, ana kiu, ananusa maji anakwenda moja kwa moja. Hatua ya tatu magoti yameingia. Akijinyanyua mguu mmoja, ile mitatu inashuka zaidi.

Mwaka nilipokuwa darasa la sita tulipoteza mtamba mmoja hivyo. Tulikuwa watu wanane. Tumefunga kamba ya katani pembeni, tumetandika matawi ya miti chini ya kifua, tumevuta toka saa nne mpaka jua linazama. Tope linatoa sauti kama mtu anayemeza. Jioni baba akasema basi. Alichinjwa palepale, nyama ikatolewa kwa mafungu, watu wamesimama kwenye matawi ili wasizame wenyewe.

Sasa sikilizeni. Yule mtamba hakuwa wetu. Alikuwa wa mzee mmoja wa Kigwe aliyetukabidhi tumchungie, ndivyo watu wanavyofanya, ng'ombe wako huwaweki zizi moja. Baba alikata mkia na masikio, akafunga kwenye gunia, kesho yake nikapelekwa Kigwe kwa miguu pamoja naye. Mzee yule aliutandaza mkia kwenye mkeka. Akauangalia manyoya ya ncha, akaangalia tope lililokauka juu yake, akauliza kidimbwi kipi, nani alikuwepo, nyama mmefanya nini. Baba akawataja watu wote wanane. Mzee akanyamaza muda mrefu, ndipo akasema haya, poleni.

Mkia ndio ushahidi. Bila mkia baba angekuwa amemla ng'ombe wa watu.

Kwa hiyo niliposoma #5, mimi sikucheka. Hiyo habari ya mikia kwenye tope ninavyoiona ni kesi. Mtu amefika kudai ng'ombe wake, ameonyeshwa mikia, hajaridhika. Wangeweza kuwa wamezama kweli. Wangeweza kuwa wameliwa. Mwenye ng'ombe hatajua kamwe, na mchungaji hatasafishika kamwe. Watani wakaifanya kichekesho kwa sababu bila kichekesho ni ugomvi.

#31 Kijiwe Nongwa

Mimi karanga zimeisha na utani umeniishia. Mkuu wa Bahi, salute.

#32 Mhehe wa Kalenga

#30 umenifanya nimpigie simu baba mkubwa. Ana miaka 80 na kitu. Nimemsomea bandiko lako lote. Amecheka pale kwenye mkeka, akasema na wao walikuwa wanaleta mkia, na ngozi ikipatikana. Halafu kaongeza: "Mwambie huyo kijana kwamba mkia uliotoka kwa mnyama hai na uliotoka kwa mnyama aliyekufa siku mbili si sawa, babu zetu hawakuwa watoto." Nikamuuliza sasa wale wa Idodomya ilikuwaje? Kasema "Waliliwa." Akakata simu.

#33 Daktari Karatasi

#30, nina maswali mengi, nitakufuata pembeni ukiniruhusu. Moja hapa hadharani: desturi ya mkia haithibitishi kwamba tukio lilitokea Kikuyu. Inathibitisha tu kwamba wasikilizaji wa hadithi, Wagogo na Wahehe, walielewa mikia inamaanisha nini kabla ya msimulizi kufika mwisho. Hadithi inaweza kuwa imetungwa popote penye ng'ombe wa kukabidhiwa na mbuga, kisha ikaja kuazimwa na mji huu kwa sababu jina lilikuwa tayari linasubiri. Na hapo najikuta nimerudi kwa Bi Mkubwa.

#34 Mchunga wa Bahi

Sawa Daktari. Lakini hata tembo anakunywa kiangazi.

#35 Sarufi Mtupu

Mnaona? Anamrudisha tembo kwa mlango wa nyuma. Kama mnyama anazama Novemba na si masika, basi tembo aliyechoka kwa kiu kwenye kidimbwi cha Kikuyu si hadithi ya watalii tena. Ni jambo la kawaida kabisa la mwaka wa ukame. Mwalimu, dai lako la #1 limepata jeraha.

#36 Jua la Saa Sita

Na mifupa?

#37 Reli ya Kati

Nimerudi na chai. Mifupa, pembe na kila kitu vingekwenda pwani kwa bei nzuri, #36. Enzi hizo hakuna aliyeacha pembe topeni akaondoka.

Kuhusu I iliyodondoka Dodoma ikabaki Ihumwa: nimefikiria usiku kucha. Ihumwa na Igandu ni vituo vidogo, vilikuwa na mwenyeji wa kufungua geti na ndiye aliyekuwa akilitaja jina. Dodoma palikuwa na karakana, makarani, mabwana wakubwa, wageni watupu. Wenyeji walikuwa wachache mno kumrekebisha mtu. Ni dhana yangu tu, msiniletee Sarufi.

#38 Sarufi Mtupu

Nimenyamaza, mzee wangu. Dhana hiyo imekaa vizuri kuliko zangu.

#39 Mwalimu wa Zamu

Wakuu shukrani. Ripoti ya Jumatatu.

Niliingia na mkakati mzuri sana: niwape simulizi zote, kila kundi litetee moja. Kundi la tembo, kundi la mikia, kundi la "mahali tu penye tope", kundi la karani. Yule binti wa dawati la nyuma nikamfanya hakimu. Kundi la mikia likaleta mkia, sijui wameupata wapi, wa mbuzi, ukiwa bado una damu. Mwalimu wa zamu mwenyewe ndiye mimi, kwa hiyo sikuwa na wa kumshitakia.

Binti alisikiliza wote. Hukumu yake: tembo na ng'ombe wote waende wakaonyeshe mahali walipozamia, ndipo atoe uamuzi. Darasa zima sasa linataka kupelekwa kwenye hicho kijito. Na mimi kwa aibu nasema, nimekaa mji huu miaka tisa, sijawahi kusimama pale nikiwa najua nimesimama pale.

#40 Mtoto wa Nkuhungu

Usijisikie vibaya, mimi nimezaliwa hapa.

#41 Dom Mpya

Jana nilitoka kazini mapema nikaenda. Mgeni ndiye nimekwenda, andikeni hilo.

Nimeshuka bodaboda Kikuyu, nikauliza kijito, kila mtu ananionyesha upande wake. Mwisho nikapata korongo. Mchanga mtupu, upana kama barabara ya njia mbili, chupa za maji na magunia yamenasa kwenye mizizi. Mkuyu nimeuona mmoja, labda ni mkuyu, mimi si mtu wa miti. Mbuzi watatu. Kuna jamaa amechimba shimo mchangani kama la kina cha kiuno, chini kuna maji ya rangi ya chai ya maziwa, anachota kwa kopo anamwagilia mchicha. Nikakanyaga karibu na shimo ili nione vizuri, kiatu kikaingia mpaka kwenye kifundo. Akaniambia "polepole bosi, hapo pananyonya."

Nikamuuliza mzee, hapa ndipo panaitwaje? Nilikuwa nimeshaandaa simu nirekodi.

Akasema: "Hapa? Hapa Kalavatini."

#42 Bi Mkubwa wa Hazina

Kiatu kilitoka?

#43 Dom Mpya

Kilitoka, Bi Mkubwa. Soksi ilibaki.

#44 Mhehe wa Kalenga

Ulivuta ukaona kama kuna mguu?

#45 Mwalimu wa Zamu

Mkuu #41, hilo kalavati ni la upande gani ukitokea stendi ya daladala? Nina watoto 52 na barua ya ruhusa imeshapita kwa mkuu wa shule. Tunakwenda Ijumaa, na nimewaambia waje na viatu vya zamani.